Kipoyi cha Mama Yako

Mapendo,

Kutoka Ngungu mupaka kule Walikale fasi pori inameza barabara, mwanaume wa kunishinda kubeba kipoyi hajazaliwa. Kama amezaliwa, basi bado ananyonya. Mimi nilibeba chefu wa kijiji na tumbo lake lote, na kiti chake alichokataa kuacha, toka juu ya mulima mupaka ku lopitali, mvua inanyesha, na nikafika ninaimba. Bega yangu ya kuume iko na sugu ngumu kama kisigino. Watoto walikuwaka wanapanga mustari ili waiguse. Siku Mungu ataugua, malaika hawatahangaika kutafuta gari. Watatuma muntu hapa Lushebere aulize nyumba ya Bauma iko wapi.

Cheka basi. Nimeandika vile ili ucheke, juu toka siku ya yenga, ile Jumapili ya kanisa, haujacheka na mimi hata kidogo.

Sasa hivi uko kwa jirani unasukwa nywele za safari, na mimi nimekaa inje na daftari yako ya zamani ya jeografia, ninaandika nyuma ya kurasa. Utavumilia maandishi yangu. Masomo yangu iliishia mwaka wa tano wa primeri, siku mwalimu alinifukuza juu nilimusahihisha, na nilikuwa na haki. Mambo ya sabuni, ya chandarua, ya kutokula mayai ya kuchemsha ku barabara, nyanya yako amekwisha kuyasema mara arobaini. Mimi siandiki ile. Ninaandika juu ya kasirani yangu.

Siku ya yenga ulisimama mbele ya kanisa nzima na robe yako ya bulu, ukasema: "Mimi ninaenda Kisangani kusoma infirmière, kazi ya kuuguza wagonjwa, juu ya papa yangu. Alibeba mama yangu mabegani, mama aliyekuwa mugeni hapa, bila kuomba hata maji. Kisha akanichukua mimi. Ninataka kutumika sawa yeye." Watu wakapiga mikono. Mama mumoja akalia. Na mimi nikasimama, nikapiga benchi teke, nikatoka.

Ulinikuta ku muti wa avoka. "Papa, nimekosea nini?"

"Acha!"

"Lakini nimesema muzuri juu yako!"

"Nani alikutuma useme?"

Ukalia, na nikakuacha unalia. Njo ile unaenda nayo kesho kama sitaandika. Na kuko jambo baya zaidi: kesho kutwa moto, ile pikipiki ya kukodi, itakufikisha Walikale kwa wajomba zako, ndugu za mama yako, wale wawindaji. Ni mara ya kwanza watakuona. Utawasimulia ile hadithi. Watachinja kuku juu yangu, watanitumia nyama ya kukausha, watasema jina yangu ku maombi yao, ya kanisa na ile ingine ya wazee. Sitaki ile kuku. Nikifikiria ile kuku ninataka kuvunja kitu.

Basi usikie kitu kimoja mbele ya kufika kule. Nitakisema. Uniache tu nikifikie na njia yangu.

Wewe umezaliwa wakati moto ziko kila fasi, haujui kipoyi ilikuwa nini. Ile kitanda ya mianzi yenye umeona inaoza nyuma ya nyumba ya catéchiste, ile njo ilikuwa ambulansi yetu. Kila nyumba ya kijiji inatoa mabega mawili. Jina za nyumba ziko ku liste. Muntu akiugua, filimbi inapigwa, wenye zamu wanatoka, hata kama ugali iko mu kinywa. Na sheria ilikuwa ngumu: haukule kwa mugonjwa, haukunywe kwake, hausimame njiani kusalimia. Ukimutua ku lopitali, unageuka, unarudi nyumbani. Hata aksanti haungojee. Wazee walisema ukingojea aksanti, siku ingine utachagua wa kubeba.

Mimi ile sheria niliionaka kama ya wajinga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa ninabeba muzuri kupita wote, sasa nani atajua kama siwezi kusimama hata kidogo waone?

Mwaka ule nilikuwa ninatumika Mushaki, mu kambi ya askari Wahindi, wale wa kofia za bulu. Nilikuwa ninaosha sufuria ku jikoni. Mupishi alikuwa muzee mumoja, Papa Mohan, mufupi, sharubu kama burosi ya viatu. Swahili yake ilikuwa mbovu kushinda Kifaransa yangu, na ile ni kusema mingi. Mu kona ya jikoni alikuwa na kasanduku ka mbao, ndani foto ya Mungu wao, ngozi ya bulu, filimbi mukononi. Siku ya kwanza nilimuuliza: "Papa Mohan, huyu Mungu yenu iko na baridi? Mbona amekuwa rangi ile?"

Nikangojea kofi. Akacheka mupaka akashika meza. "Hapa Masisi baridi mingi," akasema. "Mimi pia karibu bulu."

Ule muzee hakuwa anaonja chakula. Wewe unayepika, ufikirie: chakula ya askari mia na zaidi, na mupishi hagusi hata na ulimi. Anapika, anachukua kidogo ku sahani ya chuma, anaweka mbele ya foto, anapiga kengele ndogo, kisha njo watu wanakula. Chumvi alikuwa anaijua na mukono tu.

Siku moja alitoka kutafuta kuni, na ile dengu ilikuwa inanukia mupaka tumbo langu linaongea. Nikachovya kijiko. Kimoja! Akanikuta na kijiko mu kinywa. Hakupiga kelele. Tukainua sufuria nzima, mimi na yeye, tukaitoa ku uzio, tukaipatia watoto waliokuwa wanazunguka pale. Kisha akaosha mikono na akaanza kuchagua dengu ingine, toka mwanzo, punje kwa punje.

Nilimukasirikia sana. "Papa Mohan, juu ya kijiko kimoja?"

"Kijiko kimoja."

"Mungu yenu iko na roho mbaya!"

"Mungu hapana kasirika," akasema. "Lakini wewe ukionja, chakula imekuwa yako. Sasa unapatia Mungu mabaki yako."

Kisha akaniambia, anachagua dengu, haniangalii: yeye kazi yake ni kupika. Kupika iko yake. Askari wakisema tamu, ao wakitupia mbwa, ile haiko yake, ile amekwisha kuipatia Mungu asubuhi. Kwao kazi yenye unafanya hivi, bila kushika matunda yake, njo sala, sawa kengele, sawa maua. Na neno lao karma, lenye watu hapa wanapenda kusema siku hizi juu walilisikia ku simu, akaniambia maana yake ni tendo tu. Kazi ya mikono.

"Hata kukwangua hii sufuria?"

"Hii hii. Na chini yake pia."

"Chini nani ataona?"

Akanisukumia sufuria. Nikamwambia, "Kama ni vile, mushahara wako pia umupatie Mungu."

"Mushahara napatia bibi," akasema. "Yeye iko mukali kupita Mungu."

Nilimupenda ule muzee. Nilimucheka kila siku na nilimupenda. Na sikushika hata neno moja. Nilishika ile ya kuwapatia wengine: nilikuwa ninarudi Lushebere siku ya posho, Jumamosi, ninawafundisha vijana wenzangu, "Mutumike bila kungojea matunda!" ninanyoosha kidole kama pasta. Walinipigia mikono. Nilipenda sana vile walinipigia.

Sasa mama yako. Alifika mu kambi ya Lushebere na watu waliokimbia Walikale, mimba yako iko ya miezi saba, peke yake. Papa yako wa kukuzaa alibakia kule pori, nafikiri unajua namna gani. Wale waliochoma kijiji chao sitawataja hapa. Wanabadilishaka jina kila mwaka na moto inabakia ileile. Jina yake Vumilia. Nyanya yako, mama yangu, alimupatia kazi ya kulima birai, vile viazi vyetu, njo namna nilimujua kidogo. Alikuwa na masimulizi ya nyani yenye kuchekesha sana. Wewe ukikunja pua mbele ya kucheka, ile ni yake.

Damu ilianza kumutoka asubuhi ya siku ya soko. Watu wakaja kupiga filimbi, na mwenye kushika liste akakataa. Ninakuapia alikataa. "Ule haiko na nyumba ku liste. Ba deplase, hawa waliokimbia kwao, wajibebee." Mama mumoja ku bomba ya maji akaongeza: "Wale watu wa pori wanalipa makosa ya wazee wao. Damu haianguke bure." Mupaka leo ile sauti ikinirudilia, meno inagongana. Muntu anakufa mbele yako, na wewe unafungua kinywa kumuhesabia makosa ya babu yake! Nilitupa bidon yake ya maji mu mutaro, ninaweza hata kuitupa tena leo. Nikasema kwa sauti ya wote kusikia: "Mimi, Bauma, nitamubeba! Bila liste! Bila kitu!" Bahati rafiki yangu akasimama, na wengine wawili wakaona haya, wakasimama nao.

Ile njo unajua. Ile njo watu wanasimulia, na ni ya kweli mupaka pale.

Vile unajua tena: tulifika ku lopitali, wewe ukatoka muzima, unapiga kelele kama mufanya biashara, na mama yako hakurudi. Watu wakauliza mbona tulichelewa. Nikasema matope. Bahati aliniangalia, akaangalia chini, na yeye akasema matope. Bahati amekufa na ile neno.

Siku tatu kisha, nilirudi Mushaki. Papa Mohan alikuwa anakata vitunguu. Nikamuelezea. Kisha nikasema, ninakumbuka vizuri vile nilisema, kama muntu anayeomba aguswe kichwa: "Ilikuwa karma yake, Papa Mohan. Sivyo? Njo vile munaaminiaka."

Ule muzee aliyekuwa anachekea matusi yangu juu ya Mungu wake, akapiga kisu ku ubao mupaka ikasimama. "Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Hapana mimi! Karma ya mutu mwingine hapana ya kusoma. Mutu anaanguka, wewe unainua. Basi. Unataka kusoma karma?" Akashika mikono yangu yote mbili, ikiwa na masizi, akaigeuza mbele ya macho yangu. "Soma hii."

Akaniachilia. Akauliza polepole: "Mulichelewa sababu gani?"

"Matope."

"Haya," akasema. "Matope." Akarudilia vitunguu. Mbele ya mwezi kuisha askari wale walibadilishwa, akaenda kwao, na sikumwambia.

Mapendo, watu wanasema nilikuchukua juu ya roho nzuri. Nilikuchukua juu ya uoga. Ku lopitali walikuwa wanauliza nani atabeba mutoto, na mikono yangu ikatoka yenyewe, juu niliona kama nitakubeba, hakuna atakayeuliza kitu kingine. Na hawakuuliza! Walianza kunisifu palepale. "Kijana huyu! Bila bibi, bila ndugu ya damu!" Nyanya yako akawa anakutafutia maziwa ya ng'ombe kila asubuhi, mimi njo nilipata sifa. Nilikupeleka soko mugongoni kama bendera. Kila mama akiniambia Mungu akubariki Bauma, nilikuwa ninachovya kijiko. Mwaka mumoja mzima ninachovya, na wewe mugongoni unanikojolea. Ulikuwa na haki.

Siwezi kukuambia siku gani ilibadilika. Ninajua tu kwamba ulikuwa na miaka miwili ao mitatu, surua ilikushika, na asubuhi moja nilikuwa ninakuosha mu beseni, nyanya yako amekwenda shamba, hakuna muntu anapita ku njia. Uliniuma kidole na meno zako ndogo. Nikatukana, nikaendelea kukuosha. Kisha maji ikapoa na nikashituka: tangu asubuhi sijafikiria nani ananiona. Nilikuwa ninaosha mutoto, basi. Kama kuko kitu kimoja mu maisha yangu chenye ninaweza kuweka mbele ya Mungu, wa kanisa letu ao ule wa Papa Mohan, ni lile beseni. Kitu kingine hakuna. Angalia muntu anayejisifu vile, na mwishoni iko na beseni moja.

Njo juu ya ile nilitoka mu kanisa. Haikuwa wewe. Ulikuwa unawaonyesha watu ile kijiko, unasema: muone, sahani safi. Na wale wote wanapiga mikono, na mimi ninajua, na tamu ya zamani inanipanda tena mu koo, ninaipenda bado! Kwa miaka yote hii bado ninaipenda! Ile njo kasirani. Ningepiga kanisa nzima teke, si benchi tu.

Kule Kisangani watakuvalisha nyeupe. Mugonjwa atakushika mukono, atakuita malaika, na itakuwa tamu kupita asali ya pori. Sikuambii uikatae, mimi nani. Ninakuambia tu nilianguka wapi. Uangalie mu tumbo yako, ile saa unamugeuza muntu kitandani: unamugeuza, ao unajiangalia vile unamugeuza? Haionekane na muntu mwingine. Mwalimu hataweza kukupimia. Ni ndogo sana, na muntu anaweza kufia mule ndani. Na siku mwenzako mwenye blouse nyeupe atasema juu ya mugonjwa masikini, "Ule analipa makosa yake," umutupie bidon. Ao umuonyeshe mikono yake, kama uko na adabu kunishinda.

Sasa nimefika. Ninaona nimezunguka kama mbwa anayetafuta fasi ya kulala.

Hakukuwa na matope. Wiki nzima jua ilikuwa kali, vumbi inafika ku goti.

Toka kambi kwenda ku lopitali kulikuwa na njia mbili. Moja ya chini, inafuata kijito, fupi, na hapo unakutana na ng'ombe tu. Ingine ya juu, inapita katikati ya soko. Bahati alikuwa mbele, akageuka kuchukua ya chini. Mimi nikasema, "Juu." Akasema, "Juu kuna watu." Nikasema, "Ninajua." Nilitaka ule mwenye liste aone. Nilitaka ule mama wa bomba aone, juu alikuwa anauzishaka sombe, majani ya muhogo, pale. Nilitaka wote waone ni nani amebeba muntu asiyekuwa na nyumba. Na walituona, Mapendo. Walisimama, walipiga vigelegele, wakatufungia njia na furaha. Muzee mumoja akaniletea kasiksi, pombe ya ndizi, mu kopo, nikashusha pembe yangu ya kipoyi ku meza ya muuza samaki, nikakunywa. Nikaelezea namna walimukataa na namna mimi nilisimama. Niliielezea vizuri. Watu wa nyuma hawakusikia, wakaomba nirudilie, na nikarudilia toka mwanzo.

Muganga wa lopitali alisema nusu saa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaosha mikono. "Nusu saa tu mbele, ningeweza."

Mama yako alikuwa na akili yake yote pale soko. Aliinua kichwa ku kile kitanda cha mianzi, akashika shati yangu. Akasema, "Kaka, twende." Nikamugonga mukono polepole, ninaendelea kuongea na watu. Akasema tena, "Kaka, twende." Bahati njo akapiga kelele, tukainua.

Kwa miaka yote hii, kila nikijielezea mwenyewe, nilisemaka kelele ya soko ilikuwa mingi, sikumusikia mara ya kwanza.

Nilimusikia mara ya kwanza.